Blighty na Ulaya: Ndugu wa Tumbo Moja

Katika mahandaki ya kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1916, askari wa Kiingereza aliweza kupigwa risasi ya mkono na wenzake wakampongeza. Walimwinamia pale alipoketi kwenye tope, wakamchania mkono wa koti, wakatazama risasi ilipoingilia na ilipotokea. Wakiona imepita kwenye nyama, mfupa haukusagika na mshipa mkubwa haukukatika, walimwambia kwa wivu usiofichika kwamba ameipata "Blighty" yake. Maana yake, jeraha ni kubwa kiasi cha kukurudisha nyumbani, na ni dogo kiasi cha kukufikisha huko ukiwa hai. Sigara iliwashwa, akatiwa mdomoni. Mara nyingi majeruhi mwenyewe alikuwa akitabasamu.

Siku hizi "Blighty" ni neno la kizee. Kijana wa London halitamki ila anapoigiza usemi wa babu zake. Kamusi hulifasiri kwamba ni Uingereza, hasa Uingereza inapotajwa na Mwingereza aliye mbali nayo. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachobeba neno lote. Mtu aliyeketi kwake Manchester hawezi kusema yuko Blighty, akasikika sawasawa. Ili nchi iitwe hivyo sharti uwe umeiacha, bahari iwe katikati, na roho yako iwe huko.

Nimeishi na neno hili kwa miaka kadhaa, na sababu ni kwamba kila nilipokutana nalo nilihisi kama nimesikia sauti ya mtu ninayemfahamu nyuma ya ukuta. Kwa Kiingereza halina jamaa. Linafanana na "blight", ule ugonjwa wa mimea ulioangamiza viazi vya Ireland miaka ya 1840, na wako waliodhani kwamba askari waliitania nchi yao kwa mvua na ukungu wake. Sivyo hata kidogo. Wala si ndugu wa "blighter", tusi jepesi la zamani la kumwita mtu mkorofi, ambalo ndilo lililotoka kwenye huo ugonjwa wa mimea.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko Mwingereza. Hebu rudisha irabu iliyomezwa kati ya B na L, kisha lisome neno kwa sauti: bilaiti. Sasa lipeleke taratibu: bilayati, vilayati, wilayati. Umeshafika nyumbani. Blighty ni Ulaya. Sisemi kwamba maana zao zimekaribiana tu. Ni neno lilelile, limetoka tumbo moja, likapelekwa njia mbili na wasafiri wasiojuana.

Mama yao ni neno la Kiarabu, wilaya. Mzizi wake ni wa herufi tatu, wau, lamu na ya, nao unahusu kuwa karibu na kitu, kukisimamia, kukimiliki. Mzizi huo umezaa ukoo mkubwa katika Kiswahili, na wengi wetu tunautumia kutwa bila kuona kwamba tunazungumza na ndugu. Mola ni wa humo. Walii aliyezikwa kaburi linalozuriwa ni wa humo. Liwali aliyekaa Mombasa kwa niaba ya Sultani ni "al-wali" aliyenata na kibainishi chake mpaka kikawa sehemu ya jina. Na eneo analosimamia wali ndilo wilaya. Oman hadi leo nchi imegawanywa kwa mtindo huo, kila wilaya na wali wake. Waturuki wa dola ya Uthmania waliyapanga majimbo yao upya kwa sheria ya mwaka 1864 na kuyaita vilayet. Waarabu wakiitaja Marekani husema Al-Wilayat al-Muttahida, majimbo yaliyoungana. Mkuu wa Wilaya wa Tanzania anapotia saini barua, chini ya jina lake kuna neno lililosafiri nusu ya dunia.

Basi Kiswahili kimelipokea neno hili mara mbili. Mara moja lilibaki na umbo lake, wilaya, likawa la utawala. Mara nyingine likapokewa na masikio ya Kibantu, yaliyozoea kwamba majina ya nchi huanza na u, kama tulivyo na Ureno, Ugiriki na Uingereza. Wilaya ikawa Ulaya, ikakaa humo kama iliyozaliwa humo.

Lakini kwa nini neno la jimbo, eneo linalosimamiwa na mjumbe wa mfalme, liwe jina la nchi za mbali za wazungu? Jibu liko India.

Kwa watu wa India chini ya wafalme wa Kimughal, lugha ya ikulu ilikuwa Kiajemi, na Kiajemi kilikuwa kimelichukua neno la Kiarabu pamoja na t yake ya mwisho: vilayat. Watawala wale walitoka nje, kaskazini-magharibi, Asia ya Kati na Iran. Vilayat ikawa jina la huko walikotoka wakubwa, nchi ya asili ya wenye amri. Walipoingia wakubwa wapya kwa meli, wakitokea upande mwingine kabisa wa dunia, jina halikubadilika. Liligeuza shingo tu. Miaka ya 1760, Mirza Sheikh I'tesamuddin, msomi wa Bengal, alisafiri hadi Uingereza katika ujumbe wa mfalme Shah Alam wa Pili kwa mfalme George wa Tatu. Aliporudi aliandika kwa Kiajemi habari za maajabu aliyoyaona, na katika jina la kitabu chake nchi ile inaitwa Vilayat, basi. Msomaji wake alijua ni wapi.

Huo ndio ufunguo. Vilayat, na Ulaya vilevile, ni jina linalotolewa na anayetazama kutoka chini ya utawala. Halitaji milima ya nchi hiyo wala kabila la watu wake. Linasema tu: kule wanakotoka wenye amri. Ndiyo maana zamani katika Kiswahili Ulaya iliweza kuwa Uingereza kwa huyu na Ujerumani kwa yule, kutegemea bwana mkubwa aliye bomani ni wa taifa gani.

Mashariki ya India, na katika vinywa vya wengi wa kaskazini, v hugeuka b. Wabengali husema bilat au bilet. Kwa hiyo kilichotoka Vilayat ni bilayati, na masokoni neno hilo lilibandikwa kila kitu kigeni kilichoshuka melini. Mwaka 1886 ilichapishwa London kamusi nene ya maneno ya Waingereza wa India, kazi ya Henry Yule na A. C. Burnell, ingawa Burnell alikuwa amekwisha kufa. Imo humo bilayati baingan, yaani bilinganya la Ulaya. Tunda hilo ni nyanya, ile ambayo pwani wengine tunaiita tungule. Limo pia bilayati pani, maji ya Ulaya, nayo ilikuwa soda.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo soda. Hiram Codd, Mwingereza, alisajili mwaka 1872 chupa isiyohitaji kizibo: shingoni mwake kuna gololi ya kioo, gesi ya ndani huisukuma gololi juu ikabana mpira wa mdomoni, na mnywaji huisukuma chini kwa kidole ili maji yatoke. Chupa hizo zimekwisha kusahaulika Uingereza, lakini katika mitaa ya India bado zinauzwa. Muuzaji huitumbukiza gololi, mlio mkali unatoka, na povu linapanda. Mtoto wa Kolkata wa enzi zile alipousikia mlio huo aliamini ameisikia bilayati yenyewe, imetiwa kwenye chupa.

Nasi tulikuwa na yetu. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno ulaiti, kitambaa chepesi cha pamba kilichotoka ng'ambo, na zinayo kamba ya ulaiti, kamba ya katani ya kigeni, tofauti na ya makumbi ya nazi iliyosokotwa hapa nyumbani. Wauza nguo wa Unguja walikitandaza kitambaa hicho karibu na merikani, ile nguo nzito isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Wamarekani, mpaka vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokwamisha biashara hiyo na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi. Itazame t ya ulaiti. Ulaya haina t, kwa sababu ilipita kinywani mwa Mwarabu, ambaye akisimama mwishoni mwa neno hilo huiacha t ikapotea. Ulaiti inayo, na t hiyo ni muhuri wa forodha: neno limepitia kwa Mhindi. Pamoja na Blighty ni mapacha hasa, wamelala katika jahazi moja la Bombay, mmoja akateremkia Unguja na marobota ya nguo, wa pili akapanda meli ya askari.

Na kuna sadfa moja ambayo sichoki kuisimulia. Ulaya ilipopanda bara, watu wa huko waliitia b mbele. Waganda husema Bulaaya. Waswahili wa Lubumbashi, huko Katanga, husema Bulaya, na Wabemba wa Zambia vilevile. Mtu asiyejua angeapa kwamba Bulaya na bilayati ni kitu kimoja kilichopita njia moja. B zao hazijuani. Ya India ni v iliyogeuka mdomoni. Ya Buganda na Katanga ni kiambishi cha ngeli, bu, kile ambacho Kiswahili cha pwani kimekipunguza kuwa u. Neno moja limepewa herufi moja na watu wa pande mbili za bahari, kila mmoja kwa kanuni za lugha yake.

Sasa twende kambini. Askari wa Kiingereza aliyepelekwa India katika karne ya 19 alikaa huko miaka mingi, na wengi walikuwa watoto wa maskini, hawakusoma lugha za watu kwa kitabu. Walizisikia kwa dobi, kwa muuza chai, kwa mpishi, kwa askari wenzao wa Kihindi. Walilosikia walilitamka kama ulimi ulivyoweza. Ile kamusi ya Yule na Burnell inaitwa Hobson-Jobson, na jina hilo limetokana na kilio cha Waislamu katika maombolezo ya Muharram, Ya Hasan, Ya Husein, kama kilivyosikika masikioni mwa askari wa Kiingereza waliosimama pembeni. Kilio cha Karbala kikawa majina mawili ya wakulima wa Kiingereza. Ulimi uliofanya hivyo usingeshindwa na bilayati.

Mswahili angeketi katika kambi ile angeshangaa anavyoelewa. Bunduki yao waliiita "bundook". Chai ilikuwa "char". Kikaratasi cha ruhusa kilikuwa "chit", ndugu wa cheti chetu. Kitu cha bure kilikuwa "buckshee", nacho ni bahashishi. Sare yao ya rangi ya vumbi ilikuwa khaki, na sisi tunaiita kaki mpaka leo. Maneno haya yalizunguka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi kabla hajafika Mwingereza. Aliyakuta, akavaa.

Lipo moja la huzuni ambalo ni lazima litajwe pamoja na Blighty. Deolali ni mji ulio upande wa ndani kutoka Mumbai, yaani Bombay ya zamani, na hapo palikuwa na kambi ya askari waliomaliza muda wao wakisubiri meli ya kurudi. Meli za askari zilikuwa na msimu, na aliyemaliza muda baada ya msimu kupita alikaa miezi mizima hana vita, hana kazi, joto linapanda, pombe ipo. Wengine walipata malaria, wengine akili ziliyumba. Kutokana na jina la mji huo, Kiingereza kilipata "doolally", mtu aliyerukwa na akili. Naamini Blighty lilipikwa katika mahali kama hapo. Waingereza wa kwao hawakuwa na haja ya jina jipya la nchi yao. Aliyelihitaji ni mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba akihesabu siku za meli, ambaye watu wote waliomzunguka waliiita nchi yake bilayat. Akaishia kuitamani kwa jina walilompa wao. Alikuwa askari wa dola kubwa kuliko zote za wakati ule, na akilini mwake alikuwa akiitazama nchi yake kwa macho ya dobi wake.

Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, vilikuta jeshi limejaa wakongwe wa India, wakaja na lugha yao hadi Afrika Kusini. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi dogo la wakongwe lilimalizika upesi, mamilioni ya vijana wakaingia mahali pake, makarani, wachimba makaa ya mawe, wasaidizi wa maduka, na lugha ya kambi ya India ikarithiwa na watu ambao hawakupata kuiona India. Wao nao waliongeza yao. Mji wa Ypres wa Ubelgiji waliuita Wipers, kijiji cha Ploegsteert kikawa Plugstreet. Kwetu jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps, liliacha Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Ulimi wa mtu aliye vitani haungoji tahajia.

Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya mto Somme, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, na 19,240 kati yao walikufa. Ukiiweka hesabu hiyo mbele yako ndipo utamwelewa yule kijana aliyetabasamu na tundu mkononi. Aliyepata Blighty alianza safari iliyokuwa na vituo. Kwanza kituo cha msaada nyuma tu ya mstari wa mbele, huko aliandikwa karatasi iliyofungwa kwenye kifungo cha koti. Kisha machela au gari hadi hospitali ya mahema, kisha treni hadi hospitali kubwa za nyuma, Rouen au Étaples au Boulogne. Katika kila kituo kulikuwa na hofu kwamba daktari atasema hili litaponea hapahapa, arudi mbele. Akivuka vituo vyote alipanda meli ya hospitali, na London katika kituo cha Charing Cross watu walijipanga kuwarushia maua majeruhi waliokuwa wakipitishwa. Hospitalini alivishwa suti ya buluu na tai nyekundu, mavazi ambayo kila mtu mtaani aliyatambua.

Wengine hawakusubiri bahati. Mtu aliinua mkono juu ya ukingo wa handaki akauacha hapo mpaka Mjerumani aulenge, au alijipiga mwenyewe mguuni, bunduki akiifunika kwa gunia la mchanga ili baruti isiunguze ngozi, maana madaktari walikuwa wakitafuta alama hiyo ya kuungua. Zaidi ya askari 3,800 wa jeshi la Uingereza walitiwa hatiani kwa kujijeruhi. Waliopatikana na kosa hilo walifungwa. Sina moyo wa kuwahukumu. Neno moja lilikuwa limebeba nyumbani, mama, kitanda kikavu na uhai, na bei yake ilikuwa kidole.

Mwaka huohuo 1916 ukatungwa wimbo, "Take Me Back to Dear Old Blighty", kazi ya Arthur J. Mills, Fred Godfrey na Bennett Scott, ukaimbwa katika kumbi za starehe nchi nzima. Neno lililotoka kwa dobi wa Deolali likawa linaimbwa na mabibi wa London. Likatolewa pia gazeti la vichekesho kwa ajili ya askari, likaitwa kwa jina hilo. Baada ya hapo neno lilianza kuzeeka pamoja na waliolisema. Vita Kuu ya Pili vililiamsha. Bendi ya The Smiths iliuweka wimbo ule mwanzoni mwa albamu yake ya mwaka 1986, ukiwa umechukuliwa kutoka filamu ya zamani, kama mtu anayefungua sanduku la bibi. Kati ya 2009 na 2013 kulikuwa hata na stesheni ya televisheni yenye jina hilo.

Wimbo si mwisho wa habari, maana kuna mahali ambapo ndugu hawa walikutana ana kwa ana, nako ni Tanga.

Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za jeshi kutoka Bombay zilitia nanga mbele ya Tanga, zikiwa na askari wapatao 8,000. Wengi walikuwa Wahindi, wa vikosi vya kutoka pande mbalimbali za nchi yao, kukiwamo Kashmir, wamechoka kwa majuma ya bahari. Pamoja nao kilikuwapo kikosi kimoja cha Waingereza, batalioni ya pili ya Loyal North Lancashire, kilichokuwa kikikaa Bangalore. Walishuka Ras Kasone. Upande wa pili kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika ambao Kiswahili ndicho kilikuwa lugha yao ya kambini. Tarehe 4 walipigana katika mashamba ya minazi na mpira, na nyuki waliotibuliwa na risasi waliwashambulia wote bila kuuliza bendera. Tarehe 5 waliotoka Bombay walipanda tena melini, wameacha nyuma bunduki kwa mamia. Hasara yao ilizidi watu 800.

Nimetembea Ras Kasone jioni, upepo ukitoka baharini, nikajaribu kuwasikia. Kijana wa Lancashire aliyelala nyuma ya mnazi alikuwa ametoka katika kambi za India na lugha yake ya kambi. Mhindi aliyelala hatua tano pembeni yake aliiita nchi ya afisa wake Vilayat. Askari Mnyamwezi aliyewalenga wote wawili alijua kwamba ugomvi huu umeletwa kutoka Ulaya. Hata chombo walichoelekezeana, bundook, banduk, bunduki, kilikuwa na jina moja. Sijui vita vingine ambapo watu waliuana huku wakiwa na maneno mengi ya pamoja hivyo bila kuambiana.

Katika Ufaransa mambo yalikuwa na uchungu wa aina nyingine. Vikosi vya India vilishuka Marseille kuanzia Septemba 1914 na kuingizwa mahandakini kabla ya baridi, wengine wakiwa bado na sare za joto. Mhindi aliyejeruhiwa vibaya alivushwa bahari kama Mwingereza. Kuanzia Desemba 1914, mji wa Brighton uliwapa majeruhi wa Kihindi jumba la kifahari la Royal Pavilion, lililojengwa kwa mfalme George wa Nne, lenye makuba na minara ya kuiga India. Mtu alizimia katika tope la Flanders na kuamka chini ya dari ya kifalme iliyochorwa mazimwi na mitende. Kulikuwa na majiko tisa, ili Muislamu, Mhindu na Singasinga kila mmoja apikiwe kwa dini yake. Matangazo yaliandikwa kwa Kiurdu, Kihindi na Kigurmukhi. Picha zilipigwa, zikasambazwa India, ili wazazi waone jinsi mfalme anavyowatunza wana wao.

Wenyewe waliandika barua, na ofisi ya wakaguzi ilizifungua, ikazitafsiri na kuhifadhi sehemu zake. Nyingi zimebaki London hadi leo. Walijua zinafunguliwa. Mmoja wao alitumia fumbo la pilipili: nyeusi imekwisha, wanaitumia nyekundu sasa, ila mara mojamoja nyeusi kidogo. Nyeusi ni Wahindi, nyekundu ni Waingereza. Mpokeaji alielewa, na mkaguzi naye alielewa. Katika barua hizo Uingereza ni Vilayat, na wapo waliosifu usafi wake, maduka yake, wanawake wake wanaosoma. Lakini kulikuwa na dukuduku lililorudi mara kwa mara. Wakipona walirudishwa mahandakini. Jeraha ambalo kwa Mwingereza lilikuwa tiketi ya nyumbani, Mhindi lilimfikisha kwenye nyumba ya mtu mwingine, kisha likamrejesha kwenye moto.

Juu ya hayo walishukiwa. Wengi walikuwa na majeraha ya mkono, na maafisa walinong'ona kwamba wanajipiga wenyewe. Daktari wa jeshi, Kanali Bruce Seton, aliyekuwa kwenye hospitali nyingine ya Wahindi mjini Brighton, alichukua majeraha 1,000, akayachunguza moja baada ya jingine. Hakuona ushahidi wa tuhuma ile. Mtu anayelala handakini na kufyatua bunduki, mikono yake ndiyo inayokuwa juu. Namheshimu Seton kwa kuhesabu badala ya kunong'ona.

Si wote walioondoka Brighton. Waislamu waliokufa walizikwa Woking, mji wenye msikiti uliojengwa mwaka 1889. Wahindu na Masingasinga 53 walichukuliwa hadi kwenye vilima vilivyo juu ya mji, karibu na Patcham, wakachomwa kwa desturi zao kwenye majukwaa ya zege, kondoo wa Kiingereza wakila majani upande wa pili. Mwaka 1921 palisimamishwa kuba dogo la marumaru nyeupe juu ya nguzo nane, likaitwa Chattri, mwavuli. Mwaka 2010 majina yao yalichongwa ukutani hapo. Majivu yao yalikuwa yamekwisha kumwagwa baharini, katika mlangobahari uleule ambao meli za majeruhi zilikuwa zikiuvuka usiku na mchana, zimejaa watu waliopata Blighty.